Dokta, mbona Labrador wangu anamchekea mwizi?

Mwezi huu barua na meseji karibu zote zimekuwa za mbwa mmoja tu, Labrador. Nadhani ni kwa sababu ndo anayeuzwa sana sasa hivi kwenye magrupu ya WhatsApp na Insta, vitoto vimepangwa kwenye kikapu na utepe shingoni, nani atakataa. Zinazofanana nimeziunganisha, za kirefu nimejibu kwa kirefu, nyingine juu juu tu maana hazina mengi.

Shikamoo Dokta. Mi niko Njiro, Arusha. Nilinunua Labrador dume, mweusi, mkubwa, sauti nzito, nikajua hapa nimepata mlinzi. Juzi usiku vibaka wameruka ukuta wakabeba pampu ya maji na nguo za kwenye kamba, asubuhi tunaangalia kamera tunaona mbwa anawafuata nyuma huku anatikisa mkia, mdomoni kabeba ndala ya mmoja wao. Mke wangu anacheka mpaka leo. Nimfundishe vipi awe mkali? (Msomaji, Njiro)

Marahaba, na pole kwa pampu. Usimfundishe ukali. Hautakuja, na ukija utakuja vibaya, utapata mbwa mwoga anayeng'ata watoto wa jirani na bado mwizi anamwacha apite. Ile ndala aliyobeba ndo kazi yake hasa, kuokota kitu na kukileta bila kukiharibu. Watu wamechagua tabia hiyo kwa zaidi ya miaka mia mbili, wewe hutaitoa kwa fimbo.

Huyu mbwa asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada, sio Labrador penyewe ingawa ni jirani tu. Wavuvi waliotoka kusini-magharibi ya Uingereza walikuwa wanavua chewa kwenye yale maji ya baridi kali, na walikuwa na mbwa mweusi wa manyoya mafupi, kifuani na miguuni ana weupe kidogo, aliyeitwa mbwa wa St. John's kwa jina la mji mkuu wa kisiwa. Samaki akichomoka kwenye ndoana karibu na boti mbwa anaruka anamdaka, kamba ikielea mbali anaogelea anaivuta. Mbwa wa manyoya marefu akitoka majini anaganda barafu mwili mzima, huyu wa manyoya mafupi alikuwa na nafuu, ndo maana wavuvi wakampenda. Mwangalie wako vidole, utaona utando kati ya kidole na kidole, bado anao.

Sasa zile meli za samaki wa chumvi zilikuwa zinashusha mzigo bandari ya Poole, Uingereza, na mbwa walikuwa wanakuja nao. Bwana mkubwa mmoja wa maeneo yale, Earl wa Malmesbury wa pili, akawaona, akawachukua kwa ajili ya kuwinda bata kwenye mabwawa yake. Mwanae, Earl wa tatu, akaendeleza uzao, na mwaka 1887 akaandika kwenye barua kwamba wao wanawaita Labrador na kwamba utawajua kwa manyoya yaliyobana yanayomwaga maji kama mafuta, na mkia kama wa fisi maji. Miaka hiyo hiyo ya 1880 mbwa wake wengine, wakiwemo Ned na Avon, walikwenda Scotland kwa Duke wa Buccleuch, na Labrador wengi wa leo ukifuatilia ukoo unaishia huko huko. Kule Newfoundland kwenyewe kodi za mbwa na sheria za kulinda kondoo zikawamaliza, na Uingereza nayo ikaweka karantini kwa mbwa wa kutoka nje, mpaka miaka ya 1980 mbwa wa St. John's akawa ametoweka kabisa. Labrador mwenyewe alitambuliwa rasmi na Kennel Club, chama cha kuandikisha mbwa cha Uingereza, mwaka 1903, Marekani 1917.

Nakueleza yote haya ili uone kitu kimoja. Mbwa wa bandarini, wa kwenye meli, wa kwenye msafara wa wawindaji wageni tupu na bunduki zao, akimrukia kila asiyemjua hana kazi, anaondolewa hapo hapo na hazalishwi. Waliobaki na kuzaa ni wale wanaompenda kila mtu. Kwa hiyo vibaka wako kwake walikuwa wageni, na mgeni ni wa kukaribishwa.

Ushauri wangu, weka taa na nyaya ukutani, tafuta mbwa wa kienyeji wawili, hao wanabweka kuliko mbwa yeyote wa laki nane na hawana mchezo na mtu wa usiku. Kibao cha MBWA MKALI getini kiache, kinasaidia, mradi mwizi asikutane na mbwa mwenyewe. Na kitu kingine, kama unamfungia bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku kama tunavyofanya kwa mbwa wa ulinzi, acha. Huyo anatakiwa awe miguuni kwenu, atembee, apewe kazi hata ya kubeba gazeti. Ukimfungia atatafuna banda, kisha atajilamba miguu mpaka ipate vidonda.

Daktari, niko Ruaka. Labrador yangu ya kike ako na miaka minne na anakula kila kitu. Wiki jana amemaliza paketi ya unga na karatasi yake. Vet anasema amenona sana nipunguze chakula, lakini nikipunguza ananiangalia na yale macho, mpaka watoto wanalia. Ni mimi simshibishi ama ako na shida? (Mama, Ruaka)

Mama, humnyimi. Huenda ni njaa inayomrudia mapema. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jini moja linaloitwa POMC, ile inayosaidia ubongo kujua njaa na shibe. Mwenye hitilafu hiyo anasikia njaa haraka kati ya mlo na mlo, na utafiti wao wa 2024 ukaonyesha kwamba hata akiwa amepumzika mwili wake unachoma nishati pungufu kwa kama robo. Yaani anataka zaidi na anahitaji kidogo, fikiria mtihani huo. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye kundi la mbwa wa kusaidia walemavu waliopimwa, zaidi ya robo tatu walikuwa nayo, maana mbwa anayefanya lolote kwa kipande cha biskuti anafundishika haraka.

Kwa hiyo yale macho usiyaamini. Waambie na watoto.

Kama unafikiri unamwonea, kuna utafiti mwingine ulioanza Marekani miaka ya 1980, Labrador 48, wawili wawili wa mama mmoja, mmoja anakula kawaida na mwenzie anapewa pungufu kwa asilimia 25, maisha yao yote. Matokeo yalichapishwa 2002. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwaanza wakiwa wamechelewa sana. Miaka miwili kwa mbwa anayeishi kama 12 si kitu kidogo.

Kumpima huhitaji mashine. Mpitishe vidole ubavuni pole pole bila kubonyeza, kisha kunja ngumi ya mkono wako wa kushoto uipapase. Ukipapasa vifundo vya ngumi, mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja upapase upande wa nyuma wa mkono, mifupa unaisikia chini ya ngozi lakini haijachomoza, hapo ndo penyewe. Geuza upapase tumbo la kiganja, pale chini ya kidole gumba penye nyama, kama mbavu zake zipo hivyo basi vet wako amesema kweli. Halafu msimamie kwa juu, anatakiwa aonekane kiuno. Jike wa Labrador kwa kawaida ni kilo 25 mpaka 32, dume 29 mpaka 36, ukisikia mtu anajisifu wake ana kilo 50 usimpongeze.

Chakula kigawe mara mbili kwa siku na kikombe kile kile, mtu mmoja tu ndani ya nyumba awe ndo anagawa, maana kwenye nyumba ya watu sita mbwa anakula kifungua kinywa mara sita. Ugali mtupu na supu ya mifupa haumfai, unanenepesha haujengi. Ukipika mwenyewe ongeza dagaa waliooshwa wakatoka chumvi, maini kidogo, nyama, mboga kama karoti au boga bila chumvi, na ongea na vet wako kuhusu madini. Kama amefungwa kizazi punguza tena kidogo maana mahitaji yanashuka. Na kwa mbwa anayemeza bila kuuliza, haya yasimfikie kabisa: vitunguu, zabibu, chokoleti, bigjii zisizo na sukari zenye zailitoli, mifupa ya kuku iliyopikwa. Nyie wa Ruaka na mahindi choma ya barabarani, gunzi nalo. Gunzi na kokwa la embe vikikwama kwenye utumbo haviyeyuki, anatapika, anaacha kula, na hapo ni kisu tu.

Asalaam aleikum Dokta. Mie niko Kizingo, Mombasa. Watoto wameenda likizo kwa mjomba wao Nairobi wakamuona Labrador, sasa kelele ni hizo hizo asubuhi na jioni. Baba yao ataka kukubali, lakini mie mambo ya mate na swala yanishinda. Atafaa kwetu? (Mama wa watoto watatu)

Waaleikum salaam mama. Hukumu ya dini muulize sheikh wako, mi najua mbwa tu. Ninachojua kama jirani yeyote wa pwani ni kwamba kwa Shafii, ambao ndo wengi huko kwenu, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba hadithi zimetoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kuna watakaokwambia Labrador si ndo mbwa wa kuwinda, basi yumo kwenye ruhusa. Sawa, ila wa kwenu atawinda nini Kizingo?

Upande wangu mi ni huu. Labrador anaijua dunia kwa mdomo. Akifurahi kukuona anakuletea kiatu chenye mate, akikaa anaweka kichwa mapajani kwako, mkono ukining'inia unalambwa. Kuna mbwa wengine wakali wa nafsi ambao wanaweza kuishi uani na wasikuguse, huyu hawezi, na ukimtenga uani miaka yake yote umemtesa kuliko kutomchukua. Kwa nyumba yenye swala tano na mama anayehangaika na kanga yake, nasema hapana. Chukueni paka, pwani hamjawahi kukosa.

Dokta habari, mi ni Mtanzania nafanya kazi Muscat. Bosi amemchukua Labrador wa familia moja iliyorudi Ulaya, na mimi ndo namtunza. Sasa joto limeanza, anahema kutwa, bosi anataka apelekwe akanyolewe manyoya yote. Nimpeleke? (Msomaji, Oman)

Mwambie bosi kwa upole asimnyoe. Labrador ana manyoya ya tabaka mbili, ya juu magumu, ya chini laini na mazito, na yote mawili yanamkinga jua lisimchome ngozi. Ukinyoa yanaweza kuota vibaya, ya chini yanazidi ya juu. Dawa yake ni kuchana, kila siku ukiweza wakati huu anapopukutisha, utajaza mfuko lakini hewa itapita.

Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kama ya Muscat, au Dar na Mombasa pia, kuhema hakumsaidii sana. Kwa hiyo matembezi ni kabla jua halijachomoza na usiku, katikati hapo AC na sakafu ya marumaru. Lami uipime kwa mgongo wa kiganja, usipoweza kuuacha sekunde saba na yeye hawezi kuikanyaga. Ndani ya gari usimwache hata dakika unazoziita mbili. Na Labrador hatakwambia nimechoka, ukimrushia mpira saa sita mchana ataufuata mpaka aanguke, wewe ndo wa kusema basi.

Ukiona ulimi umekuwa mpana na mwekundu sana, mate mazito yanavuta, anayumba au anatapika, huyo joto limempanda. Mpeleke kivulini, mwagie maji mwili mzima, muwashie feni, mpe maji kidogo kidogo akitaka, na mkimbize kwa vet huku umeshaanza kumpoza, usisubiri ufike. Baharini mpeleke, atakupenda, ila beba maji matamu maana akinywa ya chumvi ataharisha, akitoka msuuze, na masikio umkaushe ndani kwa pamba au kitambaa. Yale masikio yaliyolala yanafunga unyevu, ukisikia harufu ya chachu na anatingisha kichwa ujue uambukizi umeshaanza.

Dokta, huku Mwanza kupe wamezidi. Namwogesha Labrador wangu kwa dawa ya josho ya ng'ombe, nakadiria kizibo kimoja kwenye ndoo, lakini juzi baada ya kuoga alilegea akalala siku nzima. Ni dawa kali au ni kupe? (Mfugaji, Ilemela)

Inaweza kuwa vyote viwili, na ndo tatizo la kukadiria kwa kizibo. Dawa nyingi za josho zina amitrazi, kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na ikizidi mbwa analegea, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Acha hiyo. Duka la dawa za mifugo ulizia za mbwa zenyewe, ya matone ya mgongoni, kola, au kidonge, na ukipewa kidonge taja uzito wake halisi. Kama nyumbani kuna paka mwambie muuzaji, kwa sababu pamethrini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mbwa inaua paka.

Kwa mkono, kila jioni umkague ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole. Yule kupe wa kahawia wa mbwa anaingia hata kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo banda nalo linyunyiziwe, sio mbwa peke yake. Mbwa mwenye kupe wengi akipata homa, akakataa chakula (Labrador kukataa chakula ni dharura tayari), fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa rangi ya chai, au damu imemtoka puani, usisubiri kesho, ni homa za kupe na dawa zake zipo zikiwahiwa.

Nakukumbusha na kichaa cha mbwa. Chanjo kuanzia miezi mitatu, kisha rudia kama kadi inavyosema, kawaida kila mwaka. Kuna watu wanadhani mbwa mpole wa ndani hahitaji, wakati karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa vinatokana na mbwa. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali moja kwa moja.

Kuna Labrador wa rangi ya fedha anauzwa bei mara mbili, wanasema ni adimu. Ni kweli? (Msomaji, Kampala)

Rangi za Labrador ni tatu: nyeusi, njano na chokoleti, na zote zinaweza kutoka tumbo moja. Njano inaanzia karibu nyeupe mpaka nyekundu ya mbweha. Hiyo ya fedha ni chokoleti iliyofifishwa na jini lingine, na vilabu vya Labrador haviikubali. Usilipe mara mbili. Na ya chokoleti yenyewe ukichukua ujue utafiti uliotoka 2018 kwa mbwa wa Uingereza ulikuta wanaishi wastani wa miaka 10.7 wakati wa rangi nyingine ni 12.1, na masikio na ngozi vinawasumbua zaidi. Kuna anayezalisha kwa rangi tu bila kujali afya, hapo ndo pa kushuku.

Dokta, Golden Retriever na Labrador si mbwa mmoja, mmoja ana nywele tu? (Msomaji, Mbezi)

Hapana, historia tofauti. Golden ni wa Scotland, Guisachan, kwa Lord Tweedmouth, aliyenunua mbwa wa njano aitwaye Nous mwaka 1865 akamzalisha na jike Belle, na mwaka 1868 wakapata vitoto vinne vya njano. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba alitokana na mbwa wa sarakasi wa Urusi, mpaka daftari lake la uzao lilipotangazwa mwaka 1952 ikajulikana si kweli. Tabia zinakaribiana, ila Golden manyoya yake ni marefu, kwa Mbezi utakuwa unachana kila siku na kupe watapata pa kujificha.

Kitoto changu cha Labrador kina miezi mitano, kimetafuna soli za viatu vinne, waya wa chaja na mguu wa kochi. Nyumba ya kupanga hii. Kitaacha lini? Na mume wangu anakikimbiza kila asubuhi barabarani ili kichoke. (Dada, Dodoma)

Meno yanabadilika, kwa hiyo miezi hii miwili mitatu ndo mbaya zaidi, ila kwa Labrador utoto unafika hata miaka miwili na nusu, nisikudanganye. Mpe vya kutafuna vyake: mpira mgumu, kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friji, karoti nzima. Viatu viwekwe juu, sio yeye mwenye kosa kama vipo sakafuni. Akikamata kisichoruhusiwa usimfukuze, hiyo kwake ni mechi, mwite na umbadilishie na kipande cha chakula, ndo mwanzo wa kumfundisha kuleta na kuachia.

Mume wako asimkimbize. Mifupa haijafunga mpaka mwaka na zaidi, na Labrador ni uzao wenye matatizo ya nyonga na viwiko, mbio za kulazimishwa kwenye lami zinaongeza shida. Acheze kwenye nyasi au mchanga kwa hiari yake na alale akichoka, ngazi zisiwe nyingi. Unga wa kalsiamu usimwongezee kama anakula chakula cha dukani cha vitoto, kalsiamu ikizidi inaharibu hiyo mifupa mnayotaka kuijenga. Badala ya mbio, mfichie chakula chumbani akitafute kwa pua, dakika kumi za kunusa zinamchosha kuliko kilomita mbili. Waya wa chaja upitishe nyuma ya kabati leo hii, huo ndo unaonitia wasiwasi, viatu mtanunua vingine.